Pikipiki ya mkononi haikai sailensi? Pita huku kwanza kabla hujagusa skrubu ya kabureta (mwongozo kamili)

Huku kusini pikipiki nyingi zinabadilisha mikono kuanzia masika yanapoisha mpaka mwezi wa tisa hivi. Hela ya korosho imekata, mnada wa kwanza bado uko mbali, vibarua wa kupulizia salfa wanataka chao, basi mtu anaitoa pikipiki kwa bei ambayo mwezi wa kumi na moja asingekubali hata kuisikia. Mnunuzi unapata bei nzuri, ila na ugonjwa unauchukua humo humo. Asubuhi ukipiga stata inawaka, ukiachia resi inaanza kutetemeka, taa inafifia, inalia puh puh, kimya. Ukiishikilia resi inatulia. Ukiwa lami ya Mikindani na spidi 60 huoni tatizo lolote, shida inakuja kwenye tuta, kwenye kona, au umesimama unampakia mama na mzigo wake wa samaki alafu chombo kinazima na mteja anakuangalia.

Dawa ya kijiweni inajulikana, bisibisi inaingia kwenye skrubu ya sailensi (yaani ule mzunguko wa chini wa injini ukiwa hujashika resi), inazungushwa mpaka resi inapanda, unatoa chochote unaondoka. Na muuzaji naye mara nyingi keshafanya hivyo hivyo kabla hujaja kuiona, ndo maana ulipoijaribu ilikuwa inanguruma vizuri tu ila kila ukiingiza gia namba moja inagonga kha! Injini imefichwa ugonjwa. Inakula mafuta, inapata joto bila sababu, na kile kilichokuwa kibovu kinaendelea kuharibika taratibu.

Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mchoke: skrubu za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ni kitu cha MWISHO. Zinasetiwa juu ya injini ambayo tapeti (ule uwazi wa vavu) ziko sawa, haivuti upepo pembeni, na cheche yake ni nzima. Ukianza na skrubu unaseti kabureta ifanane na ubovu, alafu siku ukirekebisha ubovu wenyewe unatakiwa uanze upya.

Mwongozo huu ni kwa hizi za kabureta tunazozijua, Boxer, TVS, SanLG, Fekon, Toyo, Haojue, pamoja na zile zenye injini ya aina ya Honda CG. Za sindano ya umeme siziongelei hapa, zile zina mambo yao.

Sikiliza kwanza inakosa vipi

Usifungue kitu bado. Iwashe ikiwa ya baridi kabisa (uiguse bloku kwa mkono kabla, hata siku ya kununua fanya hivi, muuzaji akikuletea imeshapashwa moto kuna kitu anaficha), iache ifikie joto lake, alafu angalia:

Inazima ikiwa ya baridi lakini ikipata moto inatulia, hapo mafuta hayatoshi kwenye njia ya sailensi, jeti ndogo (kitundu cha mafuta ya sailensi ndani ya kabureta) imeziba nusu au inavuta upepo kidogo.

Ya baridi inakaa poa, ikishapata moto ndo inaanza kukosa na kuzima, hapo wazo la kwanza ni tapeti zimekazwa sana. La pili koili, ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi.

Inakaa freshi kwenye nyutro ila ukikamata klachi na kuingiza gia inazima. Hiyo hata sio sailensi jamani, klachi haiachii. Punguza ulegevu wa waya wa klachi mpaka lever icheze kama sentimita moja hadi mbili pale kwenye ncha kabla haijaanza kuvuta. Watu wamefumua kabureta kwa kosa la waya.

Ukiachia resi inachelewa kushuka, inabaki juu juu sekunde kadhaa alafu ndo inarudi, hapo mchanganyiko ni mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na mara nyingi kuna upepo unaingia pasipotakiwa.

Moshi mweusi, harufu kali ya petroli, plagi inalowana, mafuta ni mengi: floti (kielea cha ndani ya kabureta), choki imekwama, au eya klina (chujio la hewa) imeziba.

Inatembea dakika ishirini alafu inakosa nguvu na kuzima, ukisubiri kidogo inawaka tena, fungua mfuniko wa tanki usikilize. Ikivuta pumzi "fsss" basi kile kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba. Kisafishe, kazi imeisha, usisome hata huko chini.

Vifaa

Spana namba 8, 9, 10 na 12, ya plagi, bisibisi bapa mbili (moja iwe nyembamba kweli), bisibisi ya nyota inayokamata vizuri maana skrubu za kabureta zina vichwa laini, koleo, fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia uwazi), brashi ya meno iliyozeeka, kitambaa kisichotoa manyoya, beseni la plastiki, sabuni ya unga. Fila geji ndo kitu ambacho wengi hawana, wanaseti tapeti kwa karatasi ya sigara au kwa "kuhisi". Nunua, inauzwa kwenye maduka ya spea, sio kitu cha bei, na utaitumia maisha yako yote.

Fanyia kazi nje kwenye kivuli chenye hewa. Moshi wa ekzosi ndani ya chumba unaua, na petroli ya kabureta itamwagika tu hata uwe makini vipi, kwa hiyo sigara, jiko la mkaa na watoto viwe mbali.

Mafuta kwanza, ni bure

Kama pikipiki imekaa bandani miezi miwili mitatu na mafuta ndani, yale yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta yamepungua na kuacha utando unaonata, na kitundu cha kwanza kuziba ni cha sailensi kwa sababu ndo kidogo kuliko vyote. Mwaga ya zamani, weka mapya ya kituoni.

Mafuta ya chupa ya njiani siyachukii, ukiishiwa katikati ya Tandahimba na Newala usiku utayapenda mwenyewe, ila usiseti pikipiki ukiwa na mafuta usiyoyaamini. Jipimie hivi: mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie robo saa, maji yatakaa chini unayaona kabisa yamejitenga. Alafu dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inapaa haraka na karatasi inabaki karibu kama ilivyokuwa, ikichanganywa na mafuta ya taa doa la mafuta mafuta linabaki.

Angalia na choki, ile lever ya kwenye kabureta inarudi mpaka mwisho? Nyingi zimelegea, ikipata mtikisiko wa makorongo inajifunga nusu. Alafu iwashe, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, kama resi inabadilika basi waya wa resi umebana au umepitishwa vibaya, urekebishe uwe na ulegevu kidogo kwenye mkono. Kaza na bolti zinazoshika injini kwenye fremu pia. Kwenye barabara zetu za vumbi zinalegea, na injini inayocheza kwenye fremu inatetemeka sailensi hata kama ndani haina kosa.

Eya klina, na hii salfa yetu

Hapa ndo kusini tunatofautiana na wenzetu. Kuanzia mwezi wa sita mikorosho inapulizwa salfa, pikipiki imeegeshwa shambani, au ndo imebeba mfuko na mashine ya kupulizia, na ule unga ni mwepesi, unaingia kila mahali. Fungua kava la pembeni la pikipiki iliyotoka Tandahimba au Nachingwea msimu huo, utoe sponji ya eya klina uikamue kidogo mkononi. Juu ni vumbi jekundu, ukipanua vitundu vyake ndani kuna unga wa njano umeshikana na oili umekuwa kama tope. Hewa haipiti hapo. Injini inanyonya mafuta mengi badala ya hewa, plagi inakuwa nyeusi, sailensi inakuwa nzito na inakata.

Sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikamue bila kuinyonga, ikauke kabisa kivulini, alafu ipake oili safi ya injini kidogo sana na uikamue tena ibaki na unyevu tu. Kama yako ni ya karatasi usiioshe, igonge gonge taratibu na uipulizie hewa kutoka ndani kwenda nje, ikiwa imechakaa nunua nyingine.

Na wewe uliyeitoa kabisa ili "ipumue vizuri", rudisha. Bila eya klina mchanganyiko unakuwa mkavu na sailensi haitakaa hata useti vipi, na mchanga wa Mtwara unakwangua silinda na ringi mpaka siku moja unaanza kuongeza oili kila wiki.

Plagi na cheche

Toa plagi baada ya kutembea kidogo, sio baada ya kuiacha sailensi nusu saa. Rangi ya kahawia ya kuiva, safi. Nyeusi kavu yenye masizi, mafuta mengi. Nyeusi inayong'aa kwa oili, ringi au sili za vavu zinapitisha oili, na hiyo hakuna skrubu itakayoiponya. Nyeupe kama chaki, mchanganyiko mkavu au injini inapata moto sana.

Uwazi wa plagi kwa hizi za aina ya CG ni milimita 0.6 mpaka 0.7, pima kwa fila geji hiyo hiyo. Plagi iliyolika usiisugue na msasa ukajidanganya, nunua mpya, namba ile ile iliyoandikwa kwenye kijitabu. Madukani feki zipo nyingi, ikiwa bei iko chini mno kuliko maduka mengine jiulize.

Kupima cheche, ichomeke plagi kwenye kepu yake, ilaze igusane na chuma cha injini (mbali na lile tundu lake, pale mvuke wa petroli unatoka), piga kiki. Iwe ya bluu, inapasuka kwa sauti. Ikiwa ya njano na dhaifu fungua kepu, kata waya wa plagi kama nusu sentimita upate shaba mpya, ifunge tena. Kwa tunaokaa pwani, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko, upepo wa chumvi unafanya kutu ya kijani kwenye kila koneksheni, kwa hiyo chomoa soketi za CDI (kile kisanduku kinachoongoza cheche) na koili, zisafishe, na ule waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu ukwangue mpaka chuma king'ae. Ukiwa na Pulsar kumbuka ina plagi mbili, moja ikifa pikipiki inaendelea kutembea ila sailensi inakuwa ya hovyo na mtu anahangaika na kabureta mwezi mzima.

Tapeti, hapa ndo wengi wanaporuka

Vavu za injini zinatakiwa ziwe na uwazi mdogo sana pale juu ili zikipata moto na kurefuka bado ziweze kufunga kabisa. Uwazi ukiisha vavu inabaki imefunguka nywele tu, na kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) inavuja. Ukiwa resi ya juu pistoni inapanda haraka, hewa haipati muda wa kutoka, husikii kitu. Ukiwa sailensi pistoni inapanda taratibu, kompresheni inatoka yote, injini inakosa nguvu ya kujizungusha, inazima. Ndo maana ugonjwa unaonekana chini tu na unazidi ikipata moto.

Na chanzo chake mara nyingi ni sisi wenyewe, dereva analalamika kwa fundi "tapeti zinalia", fundi anakaza mpaka sauti ya tek tek inapotea, dereva anafurahi, anamlipa. Tapeti inayolia kidogo haina neno. Ambayo hailii kabisa ndo uiogope, maana vavu ya ekzosi isiyofunga vizuri inaungua, na hapo unaenda kufungua hedi, kile kichwa cha injini.

Fanya hivi, injini iwe ya BARIDI, imelala usiku kucha:

1. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi. Fungua kava la juu la tapeti (au vile vifuniko viwili, inategemea modeli), na kwenye kava la magneti upande wa kushoto fungua vile vifuniko viwili vya bisibisi, kikubwa cha katikati na kidogo cha kuchungulia alama.

2. Zungusha nati ya magneti kinyume cha mshale wa saa, huku unaangalia vavu ya kuingiza, ile ya upande wa kabureta. Ikishuka na kurudi juu, endelea taratibu mpaka alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye kava. Kama vifuniko vimekataa kutoka, weka stendi kubwa, ingiza gia ya juu, zungusha tairi la nyuma kwa mkono kuelekea mbele, pistoni utaisikilizia kwa kuingiza mrija wa plastiki kwenye tundu la plagi. Usitumie msumari.

3. Ziguse tapeti zote mbili. Zote zicheze kidogo. Kama moja imebana, labda uko kwenye mzunguko wa kutoa moshi sio wa kompresheni, zungusha duru moja nzima tena mpaka T irudi. Duru nzima imepita na bado imebana? Basi umeshampata mwizi.

4. Pima. Injini za CG 125 nyingi namba ni milimita 0.08 kuingiza na kutoa. Boxer na TVS zina namba zao kwa kila modeli na mara nyingi ya ekzosi ni kubwa kuliko ya kuingiza, ziangalie kwenye kijitabu au mwulize fundi wa duka linalouza hiyo aina mpya. Legeza nati ya kufungia, weka jani la fila geji, zungusha kichwa kidogo mpaka jani lipite kwa kukwaruza kidogo tu, lisiteleze bure na lisikwame.

5. Shikilia kichwa kisizunguke, kaza nati, alafu pima TENA, kwa sababu nati ikikazwa inavuta na namba inabadilika. Hapa ndo watu wanapokosea na kulaumu geji.

6. Zungusha injini duru mbili kamili, rudisha T, pima mara ya mwisho. Funga na gasketi yake, kama imekatika badilisha, oili ikivuja juu ya injini ya moto utanukia wewe na abiria.

Iwashe sasa. Pikipiki nyingi za mkataba zilizotembezwa mwaka mzima bila kuguswa tapeti zinapona hapa hapa, kabureta haijafunguliwa.

Upepo wa pembeni

Kati ya kabureta na hedi kuna manifoldi, na kwenye viungo kuna oringi au gasketi na kipande cheusi cha kuzuia joto. Jua la huku na petroli vinakausha mpira unapasuka, ufa wenyewe haufunguki mpaka injini itikisike. Changanya maji na sabuni, weka kwenye chupa ya kupulizia au tumia brashi, injini iwe sailensi, lowesha kiungo kimoja kimoja. Mlio ukibadilika, ukitulia ghafla au ukizima, hapo hapo ndo inavuta. Kuna wanaotumia petroli kupima hivyo, usiige, ekzosi iko moto pale karibu.

Dawa ni oringi mpya au manifoldi mpya. Gundi ya silikoni inayeyushwa na petroli, utapata siku chache alafu vipande vyake unavikuta kwenye injini. Na bolti mbili za manifoldi zikaze kwa kupokezana, kidogo huku kidogo kule, ukimaliza upande mmoja kwanza sahani inajikunja na hutoziba tena.

Pita na kwenye ekzosi, pale inapoungana na hedi. Ikiwa inavuja pale utasikia inapiga pah pah ukiachia resi, weka gasketi mpya.

Kabureta

Haya, sasa tufungue. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta, legeza klipu ya upande wa eya klina, fungua nati mbili, zungusha kifuniko cha juu uvute slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka na waya wa resi) na nido yake, ile sindano ndefu, vifunike kwa kitambaa safi vining'inie. Piga picha kwa simu kila hatua.

Geuza juu ya beseni, fungua bakuli. Angalia kilichomo: mchanga mwekundu wa kutu maana yake tanki linaoza ndani na chujio la koki limechanika, utasafisha leo na wiki ijayo itaziba tena mpaka ushughulikie tanki. Toa pini, toa floti, itikise sikioni, ikisikika maji maji ndani imetoboka, badilisha. Ile sindano ndogo ya floti ncha yake ikiwa na alama ya mduara imelika, inaacha mafuta yapande kupita kiasi, nunua.

Jeti ziko mbili katikati. Kubwa iliyochomoza ni ya resi ya juu, iache. Ndogo iliyozama kwenye shimo lake ndo ya sailensi. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mkato wake, ukilazimisha na kubwa kichwa kinakatika na kabureta umeshaiua (kuna kabureta jeti hiyo haitoki kabisa, imegongewa, unaisafisha ikiwa ndani). Ielekeze kwenye mwanga wa anga. Unatakiwa uone nukta ya mwanga, duara kamili, ndogo kuliko nusu milimita. Ukiona giza, au mwezi mchanga badala ya duara, ugonjwa umeupata.

Iloweke kwenye petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, alafu kwa fundi pancha ukapulize na kompresa. Ikigoma pitisha uzi mmoja wa shaba wa waya laini wa umeme, taratibu. Uzi wa waya wa breki ni chuma, unapanua kitundu, na kitundu kikishapanuka unanunua jeti.

Alafu skrubu ya mchanganyiko. Kabla ya kuitoa ikaze ndani taratibu mpaka iguse huku unahesabu mizunguko, andika. Usiikandamize, ncha yake inachora tundu. Ukiitoa humo ndani kuna springi, washa na oringi ndogo kama punje, na oringi ndo inabakia ndani watu wanadhani haikuwepo. Itoe, na kama imebapa badilisha, ikikosekana hutaweza kuseti.

Sasa puliza njia zote, floti na mipira viwe nje, macho uyaepushe. Ukipuliza kwenye shimo la jeti ndogo hewa itoke kwenye vile vitundu vidogo sana vilivyo kooni karibu na chini ya slaidi. Kisipotoa hata kimoja rudia kuloweka. Hapa usiwe na haraka, watu wanaosha nje kunang'aa na vitundu hivi wanaviruka.

Neno moja kuhusu kabureta mpya. Pikipiki za mkononi nyingi nakuta zimefungwa kubwa kuliko yake, mtu ana injini ya 125 kapewa PZ30 dukani kwa sababu ndo ilikuwepo. Koo pana, resi ya chini hewa inapita polepole, haina nguvu ya kunyonya mafuta vizuri, sailensi itakusumbua maisha. Rudisha saizi ya kiwandani.

Ukirudisha slaidi hakikisha mfereji wake umeingia kwenye kijino, ikiingia upande inakwama juu na pikipiki ikiwaka inapiga kelele resi ya mwisho. Kabla ya kuwasha zungusha mkono wa resi uachie, usikie "tak" ya slaidi ikigonga chini.

Kuseti, sasa ndo ruksa

Jua kwanza skrubu yako ni ya nini. Ikiwa upande wa eya klina, inaongoza hewa: ukikaza ndani unazidisha mafuta, ukifungua unapunguza. Ikiwa upande wa injini, inaongoza mafuta yenyewe: ukikaza unapunguza, ukifungua unazidisha. Kwa kutojua hili mtu anazungusha kinyume nusu siku.

Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipogusa ndani. Washa, itembeze dakika kama kumi, injini iwe na moto wa kazi. Pandisha skrubu kubwa ya sailensi kidogo juu ya kawaida isizime. Alafu zungusha ya mchanganyiko robo robo, kila robo subiri sekunde kadhaa, utafika mahali injini inalia haraka na laini kuliko pengine popote, ukizidi upande wowote inashuka. Simama hapo katikati. Rudisha skrubu ya sailensi chini mpaka 1,400 hivi kwa dakika, ndo namba ya nyingi kati ya hizi, kisha gusa ya mchanganyiko tena kidogo. Kama huna mita ya mizunguko, iwe mlio ambao unashuka chini lakini unaweza kuondoka bila kuzima na gia namba moja inaingia bila kugonga.

Pima kwa resi: izungushe ghafla uachie. Ikirudi moja kwa moja ikatulia, safi. Ikining'inia juu, ongeza mafuta robo. Ikishuka chini ya kawaida alafu inajivuta kurudi, punguza mafuta robo. Kama skrubu umeifungua mizunguko zaidi ya mitatu au umeikaza hadi mwisho na injini haijali, usiendelee kuzungusha, jeti bado imeziba au kuna upepo hujaukamata.

Kwa wanaofanya kazi Newala juu na kulala Mtwara, uwanda wa Makonde hewa yake ni nyepesi kidogo, pikipiki iliyosetiwa pwani ikifika kule inakuwa na mafuta mengi kidogo. Isetie unakoshinda nayo.

Ikigoma yote haya

Umefuata kila kitu na bado, basi pima kompresheni. Bila geji: ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzio apige kiki, kidole kisukumwe kwa nguvu kikuachie mlio. Ikisukuma kinyonge tia kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa, pima tena. Ikipanda ni ringi na silinda. Isipopanda ni vavu, hedi ishuke, vavu zisagwe. Kompresheni ikiwa nzima na cheche inapotea ikipata moto tu, azima koili ya jirani mwenye pikipiki kama yako ujaribu kabla hujanunua, alafu CDI, na magneti iwe ya mwisho.

Ikishakaa sawa itembeze siku mbili tatu kazi zako za kawaida, toa plagi uangalie rangi, na uguse tena bolti za manifoldi zikiwa za baridi maana gasketi mpya inajikalia na kulegea. Sailensi ikianza kupanda au kushuka yenyewe ndani ya wiki hiyo, skrubu usiiguse, rudi na chupa yako ya maji ya sabuni pale kwenye manifoldi.